Namba Arobaini na Moja Haikuuzwa Kamwe

Enkhuizen, 14 Januari 1963

Kwa Bwana Harmen Tol, Karani wa Makaburi

Bwana Tol,

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema kaburi la mwanangu Sibrand Veken, aliyezaliwa 1929 na kufa Februari 1933, limemaliza miaka yake thelathini, na nisipolipa gulden tisini kabla ya mwezi wa pili kwisha, safu yote itachimbuliwa na mifupa itatiwa kwenye shimo la pamoja. Nimeelewa. Shule sikukaa sana, lakini kusoma najua.

Sasa nisikilize. Mimi ni mjane, kazi yangu ni kuchambua mbegu za maharage, na kwa baridi hii ghala limefungwa. Tisini sina. Lakini usinione hivi hivi. Nina mwanangu The Hague, kijana wa miaka ishirini na minane, anafanya kazi kwenye nyumba ya nyaraka za kale. Anasoma mwandiko wa watu waliokufa miaka mia tatu iliyopita, mwandiko ambao mimi na wewe tukiuona tutasema kuku amekanyaga wino. Na ukoo wetu si wa jana. Ninayo karatasi ya marehemu baba yangu, aliyoinakili babu yake, inasema bibi yetu Trijn Wiggers alinunua "namba arobaini na moja, yenye jiwe, mali yake na ya warithi wake milele." Nyumba ya mawe, Bwana Tol, katikati ya mji! Mwanangu nitamwambia aitafute ilikokwenda. Haikosi kuna chochote chetu ndani yake, na hicho ndicho kitakachokulipa.

Nakuomba mawili. Kwanza, nipe muda. Pili, usimwandikie mwanangu. Naye anaitwa Sibrand Veken. Alizaliwa mwaka mmoja na nusu baada ya kaka yake kufa, tukampa jina lile lile, desturi yetu unaijua. Ila yeye hakuambiwa. Tulihama kule kwenye tuta la kuzuia bahari tukaja mtaa huu, ambako hakuna anayetujua vya zamani. Mume wangu alisema mtoto asikue akijua kwamba amevishwa viatu vya marehemu. Sasa nitamwambiaje alipie kaburi lenye jina lake?

Kwa heshima,
Aafje Wiggers, mjane wa Veken


Enkhuizen, 20 Januari 1963

Sibrand mwanangu, pambo la nyumba yangu,

Mimi mzima. Kuna baridi, lakini baridi nzuri, ya kushikana. Wanasema magari sasa yanapita juu ya ziwa kama barabarani. Kijana wa Geertje, jirani, alikwenda juzi kwenye mbio za barafu za miji kumi na moja. Hakufika hata mji wa tatu. Karudi kafungwa bandeji masikio yote mawili, kichwa kama kabichi. Mama yake anasema, "Angalau wangu alijaribu." Nikamwambia, "Geertje, wangu hana haja ya kukimbia, kazi yake ni kukaa kwenye kiti chenye mto na kusoma, na analipwa."

Lakini si hilo ninaloandikia. Unaikumbuka karatasi ya babu yako? Ile ya bibi Trijn na namba arobaini na moja? Nataka uitafute nyumba hiyo. Nani alikaa, nani aliirithi, iliuzwa kwa nani, kwa kiasi gani. Usinicheke. Wewe wawatafutia mabwana wa Amsterdam mababu zao, hata wengine ulisema walikuwa wezi wa jibini. Mtafutie na mama yako.

Na fanya haraka kidogo. Sina sababu. Ni kwamba natimiza sitini mwezi wa tatu na Geertje kila siku ananisimulia babu yake aliyekuwa meya. Meya gani? Nadhani alikuwa akifagia ofisi ya meya.

Supu ya njegere nimeigandisha nje dirishani, bakuli nne. Laiti ningeweza kukutumia moja kwa posta.

Mama yako,
Aafje


The Hague, 5 Februari 1963

Mama mpenzi,

Nimempata Trijn wako! Kazi ilinichukua siku kumi na moja, na mkuu wangu ananitazama kwa jicho la pembeni, lakini nimempata.

Alikuwa mjane, kama wewe. Alioka mikate myeusi ya nafaka ya rai na kuwauzia mabaharia. Mwaka 1671 mwanawe akapanda meli kwenda Mashariki, naye aliitwa Sibrand. Kitabu cha mishahara cha meli hiyo tunacho hapa, kila mtu na ukurasa wake. Kabla ya kuondoka, baharia aliweza kuandikisha mtu mmoja wa kuchukua miezi mitatu ya mshahara wake kila mwaka huku nyumbani. Wengi waliandikisha wake zao. Wengine mwenye nyumba ya wageni aliyewadai pombe. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa, akasema: mama yangu. Neno hilo lipo, Mama, wino umekuwa kahawia lakini lipo. Na mwaka baada ya mwaka Trijn alikwenda kuchukua, akaweka alama ya msalaba kwa sababu hakujua kuandika. Msalaba wake umeinama upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo.

Utacheka kwa hili: kitabu cha ubatizo kinasema Trijn alibatiza Sibrand mara tatu, 1646, 1649 na 1652. Wawili wa kwanza walikufa wadogo. Jina alilitundika ukutani kama koti, mmoja akilivua mwingine analivaa!

Namba 41 ipo kweli. Alilipa mwaka 1673, kwa ile miezi ya mwanawe. Iko karibu na kanisa letu la magharibi, karibu sana. Ni ya mawe kama baba yako alivyosema. Na haikuuzwa kamwe. Mengine niachie. Nitakuletea yote yameandikwa vizuri tarehe 23 Machi, usome mbele ya Geertje na keki mkononi.

Mwanao,
Sibrand


Enkhuizen, 8 Februari 1963

Bwana Tol,

Habari njema! Nyumba imeonekana. Haikuuzwa kamwe, mwanangu ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na yeye haandiki jambo asiloliona kitabuni. Kama haikuuzwa basi ni ya warithi, na mrithi ni mimi. Sidai nyumba nzima, watu wanaokaa humo wasiogope. Nataka tisini tu, iliyobaki wabaki nayo.

Tafadhali ningoje.

Aafje Wiggers


Enkhuizen, 12 Februari 1963

Mama Veken,

Nakupongeza kwa nyumba yako, ila kitabu changu hakina mahali pa kuandika ahadi. Malipo hupokelewa yote kwa pamoja au hayapokelewi.

Nitakwambia jambo moja, na usiseme nimelisema. Tarehe ni mwisho wa Februari, lakini ardhi imeganda kwa kina cha mkono mzima na sululu zinadunda kama juu ya chuma. Hakuna atakayechimba mpaka iyeyuke. Muda wako ni muda wa barafu. Mwingine sina wa kukupa.

H. Tol


Enkhuizen, 17 Februari 1963

Sibrand mwanangu,

Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ila ule utani wa koti usiurudie. Watoto si makoti. Yule mwanamke alijua anachokifanya.

Nilimsomea Geertje pale kwenye mkokoteni wa muuza samaki, watu wote wanasikia. Akasema, "Haya, nyumba ya mawe. Sasa mbona waishi kwenye ya matofali inayovuja?"

Nikamjibu, "Kwa sababu sisi hatuna haraka, tumeingoja miaka mia tatu."

Muuza samaki akacheka mpaka akaniongezea heringi mmoja. Unaona faida ya elimu yako? Imekwisha kunipa samaki.

Lakini mwanangu, 23 Machi ni mbali. Kama nyumba haikuuzwa, sasa ni ya nani? Anayekaa humo analipa kodi kwa nani? Nitajie mtaa tu, nitakwenda mwenyewe nibishe hodi kwa adabu. Nimekwisha zunguka kanisa mara mbili nikitazama namba milangoni. Arobaini na moja niliyoiona ni ya fundi baiskeli, kanifukuza.

Baridi inaendelea vizuri, Mungu aizidishe. Asubuhi natoka na mwiko wa chuma nagonga ardhi bustanini. Ikilia kama kengele nafurahi kutwa nzima.

Mama yako,
Aafje


The Hague, 24 Februari 1963

Mama,

Unaomba baridi izidi? Unagonga ardhi kwa mwiko? Umepatwa na nini? Bei ya makaa ya mawe imepanda kila mahali, na najua wewe utakaa na koti jikoni kabla ya kusema huna. Naweka humu gulden kumi na tano. Nunua makaa. Usimnunulie Geertje keki kwa ajili ya kujionyesha.

Kuhusu nyumba, acha kuzunguka kanisa. Nakuomba. Kuna mambo ya warithi ambayo bado nayasoma, na sitaki kukwambia nusu. Tarehe 23 si mbali. Namba 41 imengoja miaka yote hiyo, itangoja wiki nne.

Mwanao,
Sibrand


Enkhuizen, 5 Machi 1963

Bwana Tol,

Tangu asubuhi paa linadondosha maji. Nimegonga ardhi, haikulia.

Hizi hapa kumi na tano. Najua ulisema zote kwa pamoja. Ziweke tu mezani kwako, zikae mahali unapoziona.

Aafje


Enkhuizen, 12 Machi 1963

Kwa Bwana S. Veken, The Hague

Bwana,

Mama yako aliniomba nisikuandikie. Nimetii mpaka siku ambayo kutii kwangu hakumsaidii mtu yeyote.

Safu ya saba ya makaburi yetu ilichimbuliwa jana Jumatatu, miaka yake ilikwisha. Ndani yake lilikuwamo kaburi la mtoto Sibrand Veken, 1929 hadi 1933. Nilipopata anwani yako nilidhani nimekosea, mpaka nikakumbuka alivyonieleza: ni kaka yako, na wewe hukuambiwa. Ada ilikuwa gulden tisini kwa miaka kumi. Alitumaini kulipa kwa nyumba, namba 41, ambayo aliniandikia umeipata na haijauzwa. Hakutaka kukuomba wewe, kwa sababu ya jina.

Alikuwapo. Alisimama nje ya uzio na aproni yake, na wanaume wangu wakashindwa kufanya mzaha wao wa kawaida. Mawe yasiyochukuliwa huvunjwa na kumwagwa njiani. La kwake alilichukua mwenyewe, kwa mkokoteni wa kuazima. Nilijitolea kusukuma. Akasema, "Nimembeba akiwa mzito kuliko hivi."

Kumi na tano alizoniletea namrudishia kupitia kwako. Zina harufu ya njegere. Nadhani zilikaa jikoni kwenye mtungi.

H. Tol


The Hague, 13 Machi 1963

Mama,

Bwana Tol ameniandikia. Usimkasirikie.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, mkuu ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nitasema moja kwa moja.

Namba 41 si nyumba. Ni kaburi. Limo ndani ya kanisa letu la magharibi, sakafuni, upande wa kaskazini, chini ya viti tulivyokuwa tukikalia. Niliposema karibu na kanisa, karibu sana, nilikuwa nakuchezea maneno. Wale Sibrand wawili wadogo walizikwa kwenye kaburi la kukodi, na mwaka 1673 wasimamizi wa kanisa walitaka kulifungua ili wamweke mwingine. Trijn akachukua ile miezi ya mwanawe aliye baharini akalinunua, lisiguswe. Imeandikwa: "ambamo watoto wake wawili wamelala." Ndiyo sababu halikuuzwa kamwe. Nani auze?

Yule wa tatu hakurudi; sisi tumetokana na ndugu yake. Alikufa kwa homa Batavia, huko huko Mashariki, mwaka 1675. Mshahara wake uliobaki ulimfikia Trijn baada ya miaka miwili, na nimeiona risiti ya mchonga mawe. Mchongaji alitoza kwa herufi. Trijn alilipia herufi saba tu: SIBRAND. Mara moja. Lilitosha kwa wote watatu.

Haya yote nilikuwa nayo mkononi tarehe tatu Februari. Nilijua unajivunia nyumba, na nilijua Geertje atakavyocheka. Nikasema moyoni, nitamwachia mama nyumba yake mpaka siku yake ya kuzaliwa, kisha nitamweleza taratibu. Nilijiona mwana mwema. Kama ningeandika neno hilo moja tu, kaburi, wewe ungeniandikia lako, na tisini ningekuja nazo kwa treni ya kwanza. Barafu ilikuwa bado ngumu. Tulikuwa na mwezi mzima, Mama, nikautumia kukuficha.

Na lile koti. Sijui nilipe nini niyarudishe maneno hayo.

Niambie jambo moja. Ile picha juu ya kabati, mtoto aliyekalia ngozi ya kondoo na kijiko cha fedha mkononi. Ni mimi?

Sibrand


Enkhuizen, 16 Machi 1963

Sibrand mwanangu,

Picha si yako. Kijiko ni chake pia, ila wewe ndiye uliyekibonyeza kwa meno. Picha yako iko ndani ya kabati, ulitikisika, una vichwa viwili.

Tarehe kumi na tisa Februari ilikuwa. Nilikuwa nimekaa mezani nachambua mbegu za kiazi sukari, kazi ya kuchukua nyumbani, na mlango haukushika vizuri. Mtaro wa nyuma ulikuwa na barafu bado, lakini jua lilikuwa limekwisha ipiga siku mbili. Kaka yako alivaa soksi moja. Nilimwita. Niliita jina lake kuanzia mlangoni mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka kwa jirani, kisha nikarudi nikaliona lile tundu kwenye barafu, dogo, hata sahani ingeliziba. Baba yako hakunilaumu siku zote alizoishi. Laiti angenilaumu.

Mwaka huu niliomba barafu ishike. Ndiyo mara yangu ya pili kuiomba.

Ulipozaliwa mkunga aliuliza jina. Baba yako akaniachia mimi. Sikukupa jina hilo ili uwe yeye. Watu husema hivyo, hata wewe umesema na koti lako, lakini si hivyo. Ni kwamba kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeliita jina lile ndani ya nyumba na halikuitikiwa. Nilitaka niliite na mtu aitike. Na wewe ulikuwa mwitikaji! "Nakuja Mama!" mpaka mtaa wa pili wanasikia. Geertje alikuwa akisema, mwanao ana koo la muuza samaki. Nilikuwa nikikuita hata nisipokuwa na haja nawe. Labda unakumbuka, unakuja mbio, nakwambia, "Hapana, nenda kacheze."

Usijipige kwa ule mwezi. Ningekuwa mwerevu ningekuomba tisini. Wewe ulinifichia kaburi nisione haya, na mimi nilikufichia kaburi usiogope, wote tumekaa kila mtu na la kwake. Tumefanana. Trijn naye angetuvuta masikio. Yeye hakujua hata kuandika jina lake, na alilishika kaburi lake lisifunguliwe. Mimi nina mwana msomi The Hague na nimeshindwa. Hilo ndilo linaloniuma, siwezi kukudanganya.

Jana nilikwenda kanisani. Mlinzi alinisogezea viti vinne. Herufi zimelika sana, lakini nilizipata kwa kidole, zote saba. Nilimwambia, "Kijana wangu ndiye aliyelivumbua jiwe hili, anasoma mwandiko wowote duniani." Akasema hongera. Akaniacha nikae.

Jiwe la kwetu liko jikoni, karibu na jiko, lisishike ukungu. Kumi na tano za Bwana Tol ukija nazo tutanunua makaa kama ulivyotaka. Geertje aliingia Alhamisi kuazima sukari, akaliona. Nilimwona anasoma, midomo inacheza. Nikangoja acheke. Akasema, "Aafje. Hii ni nini?"

Nikamwambia, "Ni namba arobaini na moja. Haikuuzwa kamwe."

Akaketi. Hakuondoka mpaka tumemaliza birika nzima ya kahawa, na meya wake hakumtaja hata mara moja.

Njoo Jumamosi. Keki nitaoka mwenyewe. Ukifika usifungue mlango kwa ufunguo wako, simama nje kidogo. Nitaita jina. Wewe itika.

Mama yako,
Aafje